Chungu kimoja kule Fribourg



Tangu nirudi kutoka Uswisi, swali ni lile lile njiani, sokoni, hata mbele ya kanisa: "Mwalimu, kule walikulisha nini?" Hakuna anayeniuliza juu ya theluji wala juu ya benki zao. Basi badala ya kurudia hadithi mara ishirini, naiandika hapa mara moja, na wale wanaokaa mwisho wa avenue nao waisome.

Nilikwenda kwa dada yangu mkubwa wakati wa likizo ya Noeli. Yeye ndiye aliyenunua tikiti. Mshahara wa mwalimu mnaujua, hauvuki hata Ruzizi. Habari ya visa siiandiki, ingejaza gazeti zima. Yaya anakaa Fribourg na bwana yake, shemeji yangu, ambaye ni mzaliwa wa kule, mtoto wa mfugaji wa ng'ombe. Wana watoto wawili, mvulana wa miaka 9 na msichana wa miaka 6. Kiswahili wanakisikia vizuri, lakini wanajibu kwa Kifaransa.

Kuna jambo la nyumbani kwetu ambalo ni lazima niliseme kwanza, na yaya mwenyewe ameniruhusu. Baba yetu alipokufa, miaka 4 iliyopita, yaya hakuja. Alituma feza za sanduku na za kulisha watu wa kilio, basi. Mnajua namna watu wanavyosema pale matanga. "Ametuma dola, machozi yamebaki Ulaya." Mama alinyamaza. Mimi nilibaki na madeni, na wajomba, na maneno. Tangu siku ile mimi na yaya tulisalimiana kwa simu tu, Noeli na Pasaka. Na kwetu, mtu mwenye neno na mwenzake hatii mkono pamoja naye katika sahani moja. Siku tano za kwanza nyumbani kwake kila mmoja alikuwa na sahani yake, kwa hiyo neno letu halikuonekana.

Siku ya sita shemeji akasema tutakwenda kula restora, chakula cha kwao, cha zamani.

Fribourg ni mji wa miteremko kama Bukavu. Kuna mji wa juu na mji wa chini, na mto Sarine unapita chini kabisa kati ya mawe marefu. Majina ya njia yameandikwa kwa Kifaransa, mengine kwa Kijerumani pia, maana watu wa kantoni ile wanasema lugha zote mbili. Kuna kigari cha kamba kinachounganisha mji wa juu na wa chini, na hicho kilinishinda kucheka. Tangu mwaka 1899 kinaendeshwa na maji machafu ya mji. Tangi la gari lililo juu linajazwa maji ya mifereji ya choo na jiko, uzito unaliteremsha, na kamba inavuta lile la chini lipande. Wakifika, maji yanamwagwa, mchezo unaanza tena. Nilimwambia yaya: kwetu Bukavu tuna miteremko na maji machafu ya kuendesha vigari mia. Alicheka. Hiyo ndiyo mara ya kwanza tulicheka pamoja katika safari ile.

Tulifika restora saa moja ya jioni. Shemeji alikuwa amepiga simu siku mbili mbele ili watuwekee meza. Kule huingii tu na watu watano na kuomba kukaa, wala hufiki saa tisa ya mchana ukidai chakula cha moto, maana jiko linalala kati ya chakula cha mchana na cha jioni. Nyumba ilikuwa ya mbao ndani, dari iko chini, na ukutani wametundika kengele za ng'ombe, nyingine kubwa kuliko kichwa cha mtu. Shemeji alisema ng'ombe huzivaa siku wanapoteremka kutoka milimani mwisho wa kiangazi, na maua juu ya pembe, watu wote wakitoka kuwatazama.

Lakini kabla ya kengele, harufu. Ilitupokea mlangoni kabla ya mama aliyehudumu. Ninyi mnaonunua fromaji ya Masisi mnajua harufu yake, ni ya upole. Hii ilikuwa kama watu arubaini wamevua viatu pamoja. Nilishika pua kidogo kwa kitambaa, mtoto wa yaya akaniona, akasema: "Mama mdogo, baada ya dakika tano hutaisikia tena." Alisema kweli.

Nilifungua orodha ya vyakula kama mwalimu, kwanza bei. Chakula cha mtu mmoja franka 28, na franka moja ya Uswisi inapita dola. Nilihesabu moyoni: ni karibu mfuko wa unga, kwa fromaji na mkate! Yaya aliona macho yangu, akafunga upande wa bei kwa kidole chake. Alinieleza pia kwamba tangu mwaka 1974 malipo ya wanaohudumu yamo ndani ya bei, kwa hiyo hulazimiki kumwachia mtu kitu, ingawa wengi huacha franka mbili tatu.

Vyakula vyenyewe, mkivitazama, ni vya jikoni kwa maskini. Rosti ni viazi vya kizungu, vile tunavyoita birayi, vilivyochemshwa jana, vikaparuzwa na kukaangwa kwa mafuta mpaka viwe kama chapati nene. Wakulima wa upande wa Bern walikuwa wakila hiyo asubuhi, kabla ya shamba. Rakleti, ya watu wa Valais, ni fromaji inayowekwa karibu na moto, na ile sehemu inayoyeyuka inakwanguliwa juu ya birayi zilizochemshwa na maganda. Kuna pia makaroni ya wachungaji, yamepikwa na birayi, fromaji na vitunguu, yanaletwa na tofaa zilizopondwa. Hakuna nyama katika hayo yote. Na watu walikuwa wamevaa vizuri, wamejaa mpaka mlangoni, wanalipa kwa furaha. Niliwaza mgeni akija kwetu: tunaficha sombe, tunaficha sambaza, tunakimbia kukopa kuku.

Shemeji alichagua rosti na yai. Watoto walitaka makaroni. Yaya akasema mimi lazima nionje fondu.

Fondu ni fromaji iliyoyeyushwa katika chungu, inaletwa mezani juu ya moto mdogo, na kila mtu anachovya kipande cha mkate kwa uma mrefu. Ile inayojulikana zaidi Fribourg wanaiita nusu-nusu, maana ni nusu Gruyère na nusu Vacherin, inapikwa na divai nyeupe, na wengine wanaongeza pombe kali ya matunda ya cheri. Sasa, mimi na yaya hatunywi pombe, tumelelewa hivyo. Nilitaka kusema basi, nipeni makaroni kama watoto. Shemeji akasema hapana, kuna ya Vacherin peke yake, ile ya watu wa Fribourg hasa, na hiyo inapikwa na maji. Nilifurahi. Ndipo mama aliyehudumu akasema kitu ambacho hatukukitazamia: fondu haipikwi kwa mtu mmoja. Ni kuanzia watu wawili.

Yaya alinitazama, mimi nikamtazama. Akasema: "Basi, leta ya watu wawili."

Wakati tukingoja, shemeji alinipa somo la fromaji, na mimi niliyesoma jiografia pale ISP nilisikiliza kama mwanafunzi. Gurudumu moja la Gruyère lina uzito wa kilo kama 35, na linakula litre 400 hivi za maziwa. Linakaa chini ya ardhi, pahali pa baridi, linageuzwa na kusuguliwa kwa maji ya chumvi, miezi 5 kwa uchache, mengine mwaka na zaidi. Sababu ni nyepesi. Milimani kiangazi maziwa ni mengi, na wakati wa theluji ng'ombe wanafungwa ndani na njia hazipitiki. Maziwa hayangoji mtu, lakini fromaji inangoja. Nilimwambia kwamba kwetu pia tuna milima ya namna ile, Masisi, na kwamba mapadri kutoka Ubelgiji walifundisha watu kutengeneza fromaji, na mpaka leo inateremka Goma kwa magurudumu madogo, njia ikiwa wazi. Aliniuliza kwa nini njia isiwe wazi. Nilimjibu kwa kifupi. Ng'ombe wangapi wameibwa kule, wamama wangapi wameacha mashamba ya birayi wakikimbia na watoto mgongoni, ningeanza wapi mezani pale?

Shemeji anaamini kabisa kwamba fondu ilizaliwa na wachungaji waliobaki na fromaji ngumu na mkate mkavu. Labda. Lakini maandishi ya kwanza ya kupika fromaji na divai yanatoka mjini Zürich, mwaka 1699, katika kitabu cha mapishi, si mlimani kwa wachungaji. Na kuwa chakula cha taifa zima, hilo ni jambo la juzi. Kulikuwa na umoja wa kuuza fromaji, ulioanzishwa mwaka 1914, na katika miaka ya 1930 ndio ulioanza kuitangaza fondu kwa Waswisi wote, hata kwa wale ambao bibi zao hawakuijua. Umoja wenyewe ulivunjwa mwaka 1999, fondu imebaki. Sioni ubaya. Walikuwa na fromaji nyingi na wanunuzi wachache, wakafanya kazi yao.

Chungu kikaja. Ni cha udongo uliochomwa, kizito, kina mkono mmoja, na ndani wamekisugua kitunguu saumu. Kwa nusu-nusu moto unakuwa mkali kidogo, lakini Vacherin haitaki kuchemka, kwa hiyo chini yetu kulikuwa na mwali kama wa mshumaa tu. Pembeni kikapu cha mkate uliokatwa vipande, kila kipande na ganda lake, mkate wa jana, maana wa leo ni laini mno, unakatika na kuzama. Na birayi ndogo zenye maganda. Unachoma kipande kwa uma, unakiteremsha mpaka chini, unakoroga kama unaandika nambari 8, unakizungusha kidogo kiache kutonesha, unakula bila kugusa uma kwa midomo, maana uma ule ule unarudi katika chungu cha wote. Kila uma una rangi yake. Sharti ni kwamba kila anayechovya akoroge mpaka chini. Mkiacha, fromaji inashika, inatengana, chakula kimekufa.

Ladha? Ya maziwa, ya chumvi, na nyuma yake kama nyasi. Nzito sana. Kipande cha nne nilikuwa nimeipenda.

Jambo lililonigusa mimi kama mwanamke ni dogo. Hakuna aliyebaki jikoni. Kwetu mama anapakua, anapeleka kwa wanaume, anapeleka kwa watoto, halafu anakaa juu ya kigoda karibu na mbabula na kula ukoko, na siku nyingine hata ukoko haupo. Chakula hiki hakiwezi kuliwa hivyo. Kinamalizia kupikwa mezani, mbele ya wote, na aliyekipika anachovya wakati ule ule na wengine. Hata ukoko wake una heshima! Meza ya pili walikuwa bibi wanane wenye mvi, kikundi kama chetu, wanakula nusu-nusu. Walipofika chini, yule mkubwa alikwangua lile ganda la fromaji lililokauka, wanaliita "mtawa", akaligawa vipande vinane sawasawa, wakiangalia kwa makini asimpendelee mtu. Mmoja alituuliza tunatoka wapi. Tukaongea. Alituambia kwamba alikuwa msichana mkubwa, amekwisha kuanza kazi, wanawake wakiwa bado hawachagui katika kura ya nchi nzima. Ruhusa hiyo waliipata mwaka 1971. Nilidhani nimesikia vibaya. Uswisi? Elfu moja mia tisa sabini na moja? "Ndiyo," akasema, "na ni wanaume waliopiga kura ya kutukubalia."

Bibi yule aliporudi kwa wenzake, tukarudi kwa chungu chetu. Shemeji alikuwa anawasimulia watoto habari za ng'ombe wa baba yake. Yaya akaanza kusema kwa Kiswahili, bila kuniangalia, uma wake ukizunguka ndani.

"Mdogo wangu, unajua kwa nini sikuja kumzika baba?"

Nilisema sijui.

"Nilikuwa hospitali. Mimba ya miezi saba. Mtoto alizaliwa bila pumzi, siku mbili kabla mnipigie simu ya baba."

Nilitaka kuweka uma chini. Akasema: "Koroga, itashika." Nikakoroga.

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Akasema: "Mama alikuwa na maiti moja ndani ya nyumba. Nimpelekee ya pili kwa simu?" Na baadaye, alipotaka kusema, alikuwa amesikia yale maneno ya dola na machozi, kuna watu wa jamaa walikuwa wamemwandikia. Akafunga kinywa.

Nilimwambia alivyobeba peke yake ni vingi. Nilimwambia pia kwamba angeweza kuniambia mimi, mimi si mama, na miaka 4 ni mirefu. Hilo nalisema hata leo, na yeye anajua nalisema. Alijibu: "Ndiyo." Tukaendelea kuchovya, polepole, birayi sasa, mkate ulikuwa umekwisha. Mtoto wake wa kike aliuliza kwa nini mama analia, yaya akamwambia ni moshi. Hapakuwa na moshi. Wakati huo shemeji alikuwa ameomba uma ili aonje, mkate wake ukazama, na kule anayepoteza mkate anapewa adhabu. Mvulana alipiga makofi, akamhukumu kuosha vyombo siku tatu. Restora nzima ilisikia.

Mwisho walileta vitafunio vyeupe vya ute wa mayai na sukari, vyepesi kama karatasi, na krimu ya Gruyère katika chombo cha mbao, krimu nzito hata kijiko kinasimama. Mimi nilikuwa nimeshiba. Watoto walimaliza.

Siku ya Mungu iliyofuata tulimpigia mama simu, nikiwa nimekaa karibu na yaya kitandani. Alimweleza mwenyewe. Mama alinyamaza mpaka nikafikiri mtandao umekatika. Halafu akauliza: "Mlimpa jina?" Yaya akasema: "Nilimpa la baba." Kaburi lake liko pale Fribourg, dogo, pamoja na ya watoto wengine, nimelitembelea, nimepiga picha kwa ajili ya mama, kwa sababu aliniomba. Yaya atakuja mwezi wa saba na watoto, Mungu akipenda. Ameomba sombe, na sambaza za kukaanga, na asiletewe kuku.

Sasa kwa wale wanaotaka kujaribu nyumbani. Nimefanya mara mbili na fromaji ya Masisi. Iparuzeni, kiasi cha vikombe vitatu. Sugueni sufuria nzito kwa kitunguu saumu. Wekeni maji nusu kikombe, mbabula iwe na makala machache yaliyofunikwa jivu, na maji yakiwa moto bila kuchemka tieni fromaji kidogo kidogo mkikoroga. Kijiko kimoja cha maizena kilichokorogwa katika maji baridi kinaishikamanisha. Ikichemka, mafuta yanapanda juu na chini inabaki kitu kama mpira. Mtoto wangu wa kwanza alikivuta mpaka mlangoni. Haikuwa laini kama ya Fribourg, maana fromaji yenyewe si ile, lakini ililiwa yote, na birayi za kuchemsha.

Siku ya tano, baada ya kikutano, nitaipika pale kwetu. Fromaji ninayo. Kila mama alete mkate wa jana na uma wake, na afunge uzi wa rangi kwenye uma ili tusigombane.